Ree ya Shupaza

Fundi Likwena alipobomoa dari ya shangazi,
Mikindani, nyumba ya pili kutoka kona,
pau zilianguka na vumbi la popo
na karata moja.

Moja tu. Ngumu kama ngozi ya papa aliyekaushwa,
kona zimeliwa na mende,
mgongoni vyumba vyumba vya wino mwekundu uliofifia.
Mbele, upanga. Upanga hasa, wenye mpini,
na joka dogo limeukumbatia,
linaung'ata kama mtoto na muwa.

"Hii hirizi," alisema Likwena, akarudi nyuma hatua.
Shangazi Somoe akaifuta kwa pindo la kanga.
"Hirizi ya nani? Ree ya shupaza hii.
Kwani wewe ulidhani shupaza ni nini? Jani?"

Nilinyamaza. Mimi nilidhani ni jani.
Maisha yangu yote nimelipiga jani jeusi mkekani
nikiliita shupaza,
wala sikuuliza jani gani lina jina kali hivyo.

Usiku tulikalia mifuko ya saruji.
Umeme ulikatwa kwa ajili ya dari; kandili ikawaka.
Shangazi akamwaga karata zake za plastiki,
za pesa ya korosho, za Mtwara mjini,
akazihakiki moja moja
kama karani mwenye daftari la wapiga kura.

Kopa: jicho linaona moyo,
ulimi unashika kikombe.
Uru: jicho linaona kishada chekundu,
ulimi unahesabu dhahabu.
Pau: jicho linaona ua la vidole vitatu,
ulimi una rungu.
"Na zile," akaonyesha juu, palipobaki anga,
"ni pau nyingine. Hizo nazilipia."

Huko mbali mtu alibadili picha.
Labda ubao wa kuchapia ulichakaa,
labda moyo ni mwepesi kuukata kuliko kikombe;
sijui, hakuna aliyetuandikia barua.
Pakiti mpya zikaja. Za kale zikaishia mikononi,
kwa jasho, kwa mafuta ya samaki, kwa kulambwa kidole.
Majina yakabaki hapa,
yakacheza na wageni.

Mzungu wa nne, mfalme.
Wa tatu, kijana wake.
Wa pili, bibi.
"Hili nalipinga tangu nimevunja ungo!
Aliyechora kampa taji, aliyehesabu kampa mbili.
Kijana hata ndevu hana, ana tatu."
Marehemu mumewe, Nampanda, alimjibu kila jioni:
Ndivyo tulivyozikuta, mama.
Kisha akamla.

Hapo shangazi akatulia, ree mkononi.

Pakiti ya Nampanda ilikuwa ya baba yake,
na baba yake aliipata kwa mpishi wa meli.
Ikapotea ree hiyo, mwaka wa mvua nyingi.
Wakakata ganda la boksi la viatu,
wakachora upanga kwa makaa,
wakacheza hivyo miaka kumi na mmoja.
Ganda lilikuwa nene. Lilijitokeza kwenye kila mkono
kama jino la mbele.

"Miaka kumi na mmoja," alisema,
"alijua ninalo, alijua sinalo."
Akatazama juu. Ngazi ya Likwena
ilikuwa imeegemea pale pale
Nampanda alipopenda kuegemeza ya kwake,
akienda, alisema, kuziba pavujapo.

Nilidhani atalia.
Alicheka mpaka kandili ikayumba,
akaitoa shupaza ya plastiki, ile yenye jani,
akaitia mfukoni mwa gauni,
akaliingiza joka kati ya nyingine, akachanga.

"Gawa," akaniambia.
Nikagawa.
Likwena aliokota zake, akazipanga,
akakaza uso kama mtu asiye na kitu,
na kona iliyoliwa na mende
ikatuchungulia sote kutoka kwenye kidole gumba chake.